Uliza Utarudisha Shilingi Ngapi

Mjukuu wangu, nasikia benki mbili za huko Singida mjini zimekuita mezani kuhusu mkopo wa nyumba. Moja inakopesha kwa asilimia 10 kwa mwaka, nyingine kwa 16, na wewe moyo umeshakwenda kwa ile ya 10. Hebu tulia kwanza.

Umekulia hapa Kinyangiri, wanunuzi wa vitunguu unawajua. Anakuja mmoja anataja bei nono ya gunia, mwenzake anataja ya chini kidogo. Ukitazama magunia, la yule wa bei nono ni lumbesa, limevishwa kilemba juu. Riba nayo usiipime kwa tarakimu inayotajwa mpaka ulione gunia lake. Ipo riba inayokokotolewa kwa mkopo wote uliochukua siku ya kwanza, hata kama umebakiza laki tano tu. Ipo pia inayokokotolewa kwa deni lililobaki, ambayo inashuka kadiri unavyolipa.

Chukua kalamu. Mkopo wa milioni 30, miaka 5. Asilimia 10 ya mkopo wote ni milioni 3 kwa mwaka, kwa miaka mitano milioni 15. Utarudisha milioni 45, yaani 750,000 kila mwezi. Sasa ile ya asilimia 16 kwa deni linalopungua: marejesho ni kama 729,500 kwa mwezi, na jumla haifiki milioni 44. Kumi imeizidi kumi na sita! Ndiyo maana nakuambia, ukifika dirishani usiulize asilimia tu. Omba jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi, kisha tazama jumla chini kabisa.

Halafu kuna muda. Benki ya Nyumba ilipokufa mwaka 1995, mtu wa kipato chetu alibaki kujenga tofali kwa tofali. Mikopo ya miaka mingi ilianza kurudi baada ya mwaka 2010, ilipoundwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi wa nyumba. Ni jambo jema, silikatai. Lakini milioni 30 zilezile, kwa asilimia 16 ileile, ukizivuta hadi miaka 15, marejesho yanashuka hadi kama 440,600 na jumla inapanda kupita milioni 79. Mwezi wa kwanza, katika hizo 440,600, laki nne zote ni riba. Deni lenyewe limepungua elfu arobaini na kidogo. Kama mshahara unaruhusu miaka 10, usichukue 15. Na utumishi wa umma unataka theluthi ya mshahara ibaki mkononi mwako. Hiyo usiitafutie njia ya mkato.

Uliza pia kama riba inaweza kubadilika katikati ya safari. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake kila baada ya miezi mitatu. Ilianza na asilimia 5.5, na kufika Aprili mwaka huohuo ikawa 6. Mkataba ukisema benki inaweza kupandisha, uliza itakupa taarifa siku ngapi kabla. Ada ya mkopo, bima, mthamini na kusajili rehani, vyote vitie kwenye hesabu kabla hujalinganisha. Ukipata fedha za alizeti ukataka kumaliza deni mapema, je, kuna faini? Wengi hulikumbuka swali hili wakiwa wameshatia saini.

Shamba la hapa kijijini lenye hati ya kimila usilitegemee sana kuwa dhamana. Benki nyingi hutaka kiwanja kilichopimwa chenye hati. Na mumeo mpeleke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na mimi ningetaka alisome lile jedwali kabla ya kuweka saini yake.