Petro Naye Alirisiti



Mpendwa kijana mwenzangu, leo tunatafakari Injili ya Yohane 21:1-19. Chukua Biblia yako kwanza, isome taratibu, halafu urudi hapa tuendelee.

Kipindi hiki cha maombi ya vyuo, dada mmoja wa Uyole, Mbeya, alinifuata baada ya Misa. Anatamani kusoma sheria Iringa, pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha. Alisoma tahasusi ya HKL. Kidato cha sita alipata Historia E na Kiswahili D, Kiingereza hakikufua dafu. E ni pointi 1, D ni pointi 2, jumla 3. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Akalia. Akarudi shambani kulima viazi na mama yake, jioni anasoma. Mwaka uliofuata akarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata Historia C na Kiswahili C. Pointi 6!

Nikampongeza, lakini yeye hakucheka. "Frateri, namba yangu ya mtihani ya kwanza inaanza na S, hii ya sasa inaanza na P. Wakiona P si watajua nilifeli? Na kuna mtu ameniambia anaweza kunitengenezea cheti kimoja kisafi, nisahau kabisa ile ya kwanza."

Vijana, hapo ndipo penye hatari. Kufeli hakukumwangusha huyu dada. Aibu ya kufeli ilikuwa inakaribia kumwangusha.

Nilimjibu kwanza kwa mambo ya kawaida. P inasema tu kwamba ulifanya mtihani bila kuwa mwanafunzi wa shule, basi. Fomu ikiuliza kama una matokeo zaidi ya mara moja, andika yote. Hata huko Marekani, mwombaji wa shule ya sheria anaruhusiwa kurudia mtihani wao wa LSAT. Alama zake zote hufika chuoni, na vyuo vingi huangalia zaidi ile ya juu. Ya chini inaonekana, ila si lazima iwe ndiyo inayoamua.

Tena sheria yenyewe ni njia ya watu waliorudia. Unakumbuka mwaka 2022, matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalipozua gumzo nchi nzima? Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, aliyewahi kuwa mbunge wa Kyela, ichunguze tatizo liko wapi. Wote hao walikuwa tayari na shahada ya sheria. Kwa hiyo ukimwona wakili na joho lake pale mahakamani, usidhani kila kitu alikipata mara ya kwanza.

Sasa turudi kwa Petro. Usiku ule uani kwa Kuhani Mkuu, Petro alikuwa anaota moto wa makaa (Yoh 18:18). Sisi wa Iringa na Mbeya tunaujua utamu wa jiko la mkaa mwezi wa Juni. Akaulizwa mara tatu kama anamfahamu Yesu, akakana mara tatu. Maswali matatu, sifuri tatu.

Baada ya ufufuko, Yesu anamsubiri ufukweni. Amewasha nini? Moto wa makaa tena (Yoh 21:9). Anamrudisha kwenye chumba kilekile cha mtihani. Halafu anamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwambia, "Petro, ya nyuma tuyafiche." Wala hakuchukua zile sifuri akazigawanya na majibu mapya ili apate wastani. Alimpa mtihani upya, swali kwa swali, kisha akamkabidhi kondoo wake.

Na angalia hili: Injili zote nne zimeandika kwamba Petro alikana. Kanisa halikuyafuta matokeo yake ya kwanza. Papa wa kwanza ana vyeti viwili kwenye faili, na tunavisoma vyote mbele ya watu, kile cha kwanza Wiki Kuu na kile cha pili kipindi cha Pasaka. Cha kwanza kinatuonyesha udhaifu wake, cha pili kinatuonyesha huruma iliyomwinua.

Kitubio ndivyo kilivyo. Unaingia na namba zote mbili. Ukificha ile mbaya, umeondoa kitu chenyewe ambacho Yesu alitaka kukiponya.

Ngoja na mimi niseme langu. Mwaka wa kwanza wa falsafa nilipata sapu ya Mantiki. Mama yangu atajua leo akisoma hapa (shikamoo mama). Nilirudia, nikapita. Kilichonitia moyo ni Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyeshindwa masomo seminarini Lyon kwa sababu ya Kilatini, akapewa nafasi tena, akapadrishwa mwaka 1815. Leo ni msimamizi wa maparoko.

Yule dada alituma maombi akiwa ameandika namba zote mbili, ya S na ya P. Majibu ya chuo bado. Lakini aliniambia siku hiyo alilala usingizi mzuri, na nadhani hayo nayo ni majibu.

Zoezi la wiki hii: kumbuka matokeo yako moja unayoyaficha, ya shule au ya maisha. Jumamosi nenda kitubio, yataje.

Tusali. Bwana Yesu, uliyemwashia Petro moto wa pili, utupe moyo wa kusema ukweli wote mbele yako, na nguvu ya kukaa tena kwenye mtihani. Amina.