Je, Ni Dhambi Kubadili Mbegu?



Tangu mwaka 2016 kiwavi kilichotoka Amerika kinakula mahindi ya Afrika, nasi hapa Ngezi tunakijua. Wengine wanatuuliza: je, Mkristo anaweza kupanda mahindi yaliyobadilishwa na wataalamu ili yaue viwavi?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Kuna bakteria ya udongoni iitwayo Bacillus thuringiensis. Mjapani Ishiwata aliikuta mwaka 1901 katika viwavi vya hariri vilivyokufa. Inatengeneza protini ambayo huyeyuka katika tumbo la kiwavi, lenye hali ya magadi, na kutoboa utumbo wake. Tumbo la mtu lina asidi, na utumbo wetu hauna mahali pa kuishika protini ile. Mwaka 1981 wataalamu wa Marekani waliitenga jeni yake, yaani agizo la urithi linaloitengeneza. Tangu 1996 wakulima wa kule wanapanda mahindi yenye jeni hiyo.

Wengine wanasema: tuombe tu. Sisi tunaamini maombi. Lakini Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15). Kuomba huku tumekunja mikono si imani.

Wengine wanataja Walawi 19:19, panapokatazwa kuchanganya mbegu mbili shambani. Tusiiruke aya hiyo. Lakini inakataza pia nguo ya nyuzi za namna mbili, na kanzu zetu nyingi za ibada ni pamba iliyochanganywa na nyuzi za kiwandani. Basi tusimhukumu jirani kwa nusu ya aya.

Turudi nyuma kidogo katika sura ileile, aya ya 9: mvunaji asimalize pembe za shamba, awaachie maskini. Ajabu ni kwamba wataalamu nao wanaagiza sehemu ya shamba ipandwe mahindi ya kawaida. Wadudu wanaokulia pale huzaana na wale wachache waliozoea sumu, na watoto wao wengi hubaki wadhaifu mbele yake. Huko Afrika ya Kusini wakulima wengi hawakuacha sehemu hiyo, na mwaka 2007 ikatangazwa kwamba kiwavi cha mabua kimeishinda sumu.

Basi, wapendwa, dhambi tunaiona katika tamaa isiyoacha pembe. Tukiletewa mbegu hizo, tuulize: ni za nani? Je, mjane anaruhusiwa kuweka akiba ya kupanda mwaka ujao? Kama mbegu inamfunga maskini, tuikatae. Kama inamshibisha, tumshukuru Mungu, na pembe tuiache.

Bwana abariki mashamba yenu. Amina.