Hesabu ya Wengi na Dhamiri ya Mmoja

Vijana wetu walioko vyuoni husoma fizikia, uchumi, takwimu na saikolojia ya jamii. Ni masomo mema, nasi twawasihi wazazi wasiyaogope. Lakini liko swali ambalo mtihani hauliulizi.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Stanley Milgram alianza kuyapima matendo ya watu chini ya amri. Kila mmoja aliagizwa kumpitishia mwenzake umeme kila alipokosea jibu, akizidisha nguvu hatua kwa hatua. Umeme haukuwa wa kweli, ila wao hawakuambiwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1963, kati ya watu 40, 26 walitii hadi volti 450.

Je, wengi wakitenda hivyo, mmoja ana udhuru? Jiwe likiachiwa huanguka, kwa kuwa halina hiari. Mtu anayo. Takwimu zatuambia wengi walitenda nini. Hazituambii iliwapasa kutenda nini. Wale 14 waliokataa kufika mwisho walipewa amri ile ile.

Basi, enyi vijana, hesabuni vema, lakini msijifiche nyuma ya hesabu.