Mgeni, Jembe na Neno

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa chakula: kuku aliyekuwa akihifadhiwa huchinjwa siku ajapo mgeni, na watoto wa nyumba nao wakaambulia mnofu. Walakini iko tiba nyingine ajayo nayo mgeni, nayo ni macho yake. Huyaona yale ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayaoni tena. Suali ni hili: je, mgeni anayo haki ya kuyasema ayaonayo? Na akiyasema, mwenyeji aupime vipi ukweli wa neno lake?

Suali hili lina uzito wake katika kata ya Nsemulwa, mjini Mpanda, Mkoa wa Katavi. Mtu wa pwani akihamia huko, barua yake ya kwanza nyumbani itajaa mambo ambayo jirani yake hatayataja kamwe: kwamba mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili, kisha mbingu hufunga, kwamba ugali umekalia nafasi ya wali wa nazi, kwamba samaki anayesifiwa ni mgebuka wa Ziwa Tanganyika, wala si changu, kwamba asali hutoka katika misitu ya miombo. Jirani akisomewa barua hiyo atacheka, kwani yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo yeye angelihesabu kuwa ni habari.

Lakini macho ya mgeni hukosea pia, hasa yakiwa na haraka. Henry Morton Stanley alipita Ukonongo mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na mwaka uliofuata kitabu chake kikachapishwa London. Wakonongo aliowaeleza humo hawakukisoma, wala hawakuwa na mahali pa kumjibu. Haitoshi kusema kwamba kosa lilikuwa kutokaa. Afisa wa kikoloni aliweza kukaa miaka mingi katika boma moja na bado akaandika upuuzi juu ya watu wa hapo, kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kumkatalia. Muda peke yake, basi, si kipimo.

Kipimo chenyewe washairi wa pwani wamekijua tangu zamani. Katika malumbano, neno la mmoja halijatimia mpaka mwenziwe amejibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi wakati miji yao ikiwa na uhasama, na kila mmoja alitunga akijua kwamba upande wa pili yupo mwenye masikio na mwenye ulimi. Ujuzi huo humfanya msemaji apime anachokisema. Neno la mgeni nalo lipimwe hivyo hivyo: je, anaowasema wanaweza kumjibu, naye akalazimika kusikia?

Mfano mmoja uko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa huo huo wa Katavi. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa, kisha akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, ambao walimpeleka Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa huko huko, akawatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mwaka 1946 masimulizi ya maisha yake yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Atiman naye alikuwa mtu wa misheni, na misheni ilikuwa na nguvu zake. Hata hivyo, mganga akaaye kijijini miaka 67 hawezi kukimbia maneno yake. Aliyemwahidi nafuu na asipone, yeye au nduguye atarudi kesho kubisha hodi.

Kipimo hiki kina upande wa pili, na hapo ndipo Mpanda inapoguswa. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji nchini kwao, na wengi wakapelekwa katika makazi ya Katumba, si mbali na mji huo. Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe walipewa. Walifyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na mazao yao yakalisha na wengine. Neno hawakupewa. Walisemwa katika ripoti na mikutano, wakaandikiwa masharti. Mpaka mwaka 2014, wakimbizi wa mwaka 1972 na wazao wao, zaidi ya 160,000, walipoanza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Jembe lilikuja siku ya tatu. Neno lilichelewa miaka 42.

Yupo atakayesema kwamba mwenyeji naye ana hofu yake ya haki: wageni wote wakisema, sauti ya Mbende na Mkonongo, waliokuwapo kabla ya mji, itazama. Hofu hiyo isidharauliwe. Lakini nani hasa ni mwenyeji wa Mpanda? Reli ya kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, na si wote walioletwa na kazi waliorudi makwao. Mjukuu wa mtu aliyeshuka katika treni ile anapomwita Mrundi kijana aliyezaliwa Katumba, kinachowatenganisha ni miaka 22 tu ya kutangulia. Mbende angeweza kuwaita wote wawili wageni, naye angekuwa na hoja.

Kwa hiyo haki ya kujibu haimpunguzii mwenyeji kitu. Humpa msikilizaji ambaye pia analazimika kumsikiliza. Mgeni asemaye bila kujibiwa humdhulumu mwenyeji, na mwenyeji ampaye mgeni jembe akamnyima neno humdhulumu mgeni. Kijana wa Katumba sasa ana cheti mkononi. Kilichobaki, ambacho hakuna ofisi iwezayo kukigonga muhuri, ni kwamba aketipo barazani Nsemulwa na kusema "mji wetu", asiwepo wa kumuuliza alitoka wapi kabla ya kusikia alitaka kusema nini.