Shoka la Kuazima

Jumapili iliyopita katika ibada ya pili tulisoma 2 Wafalme 6:1-7. Nilipotoka, mzee wetu mmoja akanishika mkono langoni, akaniuliza, "Pasta, hiyo stori ya shoka inatuhusu nini sisi?" Nilimjibu haraka kwa sababu watu walikuwa wengi. Leo nataka kumjibu vizuri.

Wana wa manabii walikuwa wanafunzi wa Elisha. Walipokaa palikuwa padogo, wakaenda Yordani kukata miti ya kujenga. Shoka la mmoja likachomoka, likazama majini, naye akalia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Angalia hapo. Nyumba ilikuwa ya wote, lakini hasara ilikuwa imwangukie mwanafunzi mmoja asiye na kitu. Elisha angeweza kumwambia, "Kijana, hayo nayo ni mafunzo." Hakusema hivyo. Aliuliza limeangukia wapi, akashughulika nalo mpaka kijana akalishika tena mkononi.

Sasa waangalie vijana wetu walio kwenye atachimenti. Wako ofisi za kaunti, wako hospitalini, wako kortini, wako kwa ofisi za watoto na za kilimo. Miezi mitatu wanapanga faili, wanaandikisha wagonjwa, wanahudumia foleni wakati wenye kazi wameenda chai. Wengi hawapewi hata shilingi moja. Na mtu asiniambie ati wamejitolea. Bila barua na logbuku iliyosainiwa, mwanafunzi hamalizi kozi. Kujitolea ni pale ambapo unaweza kukataa.

Hebu tupige hesabu, mnisamehe, biashara ndiyo niliyosomea. Wiki 12, siku 5 kila wiki, ni siku 60. Tuseme nauli ni 200 kwenda na kurudi: 12,000. Chakula cha mchana cha 100: 6,000. Hizo ni 18,000 kabla hujagusa kodi ya nyumba. Mama anayeuza sukuma wiki atazitoa wapi? HELB nayo ni mkopo, si zawadi. Ndiyo maana nasema shoka ni la kuazima: kijana anaitumikia serikali kwa deni.

Tuwe wa haki. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa interni ambao umekuwa ukilipa 25,000 kwa mwezi, na ni mpango mzuri, lakini ni wa wale waliokwisha kuhitimu. Hata waliohitimu hawajawa na raha. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na malipo ya madaktari interni yalikuwa mojawapo ya mambo makubwa ya ubishi. Katiba yetu, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Lakini kijana wa atachimenti haitwi mfanyakazi, anaitwa mwanafunzi, na kwa neno hilo moja tu mlango unafungwa.

Yule mzee aliniambia jambo lingine ambalo siwezi kulipuuza. Alisema zamani mwanagenzi hakulipwa, yeye ndiye alimlipa fundi, na hakuna aliyeita hiyo dhambi. Ni kweli. Mwanafunzi huharibu mbao, hupinda misumari, hula muda wa mwalimu. Wiki za kwanza yeye ni gharama. Kwa hiyo sitachukua Mambo ya Walawi 19:13, pale ujira wa kibarua haupaswi kulala hadi asubuhi, niwapige nalo wakubwa wa ofisi kana kwamba kila mwanafunzi anadai mshahara. Lakini nilimuuliza mzee, "Ulipokuwa unajifunza useremala, ulikula wapi?" Akacheka. "Kwa fundi." Basi. Mshahara ni jambo moja, na mtu kufika kazini akiwa ameshiba ni jambo lingine.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya njaa yenyewe. Kijana huyo ameketi kaunta, hana nauli ya kurudi nyumbani, na mbele yake mwananchi anataka faili yake itafutwe haraka. Karani mkubwa anamnong'oneza jinsi "chai" inavyopatikana. Hilo ndilo somo la kwanza la utumishi wa umma tunalompa, kisha miaka kumi baadaye tunafunga na kuomba ufisadi uishe Kenya! Na asiyeweza kuvumilia njaa wala kuomba chai anaacha. Anabaki nani? Yule ambaye baba yake ana nyumba mjini na gari la kumpeleka. Huyo ndiye atakayekuwa ofisa wa kuamua mambo ya maskini.

Nasema haya nikiwa na deni langu. Mwaka jana binti wa hapa kanisani aliomba msaada wa nauli kwenye mfuko wetu wa huruma. Alikuwa kwenye atachimenti katika ofisi moja ya umma. Kamati ilisema mfuko ni wa wagonjwa na wafiwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo. Nilimwambia nitamwombea. Aliacha wiki ya tano. Atarudia mwaka huu, na sasa anahesabika kuwa nyuma ya wenzake.

Luka 8:1-3 inatuonyesha Yesu akitembea na wanafunzi wake, na kina mama wakiwahudumia kwa mali zao. Mmoja ni Yoana, mke wa Kuza, msimamizi wa Herode. Kumbe pesa ya nyumba ya serikali ilikuwa inalisha wanafunzi, sijui kama Herode alijua. Hao kina mama hawakungoja Petro augue ndipo wamsaidie.

Kamati inakutana Alhamisi. Nimeomba kipengele cha mfuko kisomeke "wagonjwa, wafiwa na wanafunzi walio kwenye utumishi bila malipo," na nimeomba binti huyo apewe nauli ya wiki zote 12, si tano. Washirika walio na chumba cha ziada karibu na mji, acheni majina kwa katibu. Nanyi mnaofanya kazi ofisi za serikali, mna mwanafunzi hapo kwenu sasa hivi. Kesho saa saba mchana, muulize amekula nini.