Tusimwache Mgeni Apige Hema Penye Mkondo

Masomo: Mathayo 7:24-27; Kumbukumbu la Torati 22:8; Luka 13:1-5



Tunawasalimu nyote, ninyi mliozaliwa ndani ya makazi haya, na ninyi mliofika juzi mkiwa na watoto na mkeka mmoja. Mvua zimekaribia tena. Kwa hiyo tumeona vema katika toleo hili tuzungumze juu ya neno ambalo wengi wetu tunalijua kwa kichwa tangu shule ya Jumapili, yaani habari za wajenzi wawili, mmoja aliyejenga juu ya mwamba na mwenzake aliyejenga juu ya mchanga.

Tuanze na jambo ambalo labda litawachekesha. Duniani kuna watu wenye nyumba za matofali, wenye vitanda, maji ya bomba na umeme, ambao wakipata likizo huwachukua watoto wao, hufunga nyumba, kisha hulipa pesa ili wakalale ndani ya hema. Wanapika nje, wanapanga foleni ya choo, na jambo hilo wanaliita mapumziko! Sisi tuliolala chini ya turubai kwa kukimbia risasi tunaweza kucheka. Lakini tusiwadharau. Mungu mwenyewe aliwaagiza Waisraeli watoke nyumbani mwao kila mwaka, wakae siku 7 katika vibanda vya matawi, ili watoto wao wajue kwamba baba zao walitolewa Misri wakakaa vibandani (Walawi 23:42-43). Katika sikukuu hiyo mgeni, yatima na mjane waliitwa kufurahi pamoja na wenye nyumba (Kumbukumbu la Torati 16:14). Basi kulala hemani pamoja na familia kunaweza kuwa furaha, na kunaweza kuwa msiba. Jambo moja kubwa linaloleta tofauti ni mahali hema lilipopigwa.

YALIYOTOKEA HISPANIA

Kaskazini mwa nchi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna milima mirefu iitwayo Pyrenees. Huko kuna mji mdogo, jina lake Biescas. Karibu na mji huo palikuwa na uwanja wa mahema, ambapo familia zilikuja wakati wa likizo ya shule. Mwezi wa Agosti kwao ni kiangazi. Kulikuwa na miti, majani mazuri, ardhi tambarare na mlima mbele ya macho.

Tarehe 7 Agosti 1996, wakati wa jioni, mvua kubwa mno ilinyesha juu mlimani kwa muda mfupi. Kijito kiitwacho Arás, ambacho kwa siku nyingi za mwaka hakimtishi mtu yeyote, kilishuka kwa nguvu kikibeba matope, mawe na magogo, kikapita katikati ya mahema na magari. Watu 87 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Walikuwa wamekuja kupumzika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipo fundisho. Kile kiwanja kizuri kilitoka wapi? Kijito cha mlimani kinaposhuka kwa kasi hubeba mawe na mchanga. Kikifika chini penye tambarare, kasi inapungua, nacho kinautua mzigo wake. Mafuriko haya yanaweka tabaka moja, na mafuriko mengine yanaweka tabaka lingine, hata mwisho ardhi inatandazwa kama upepeo uliofunguliwa, laini na yenye mteremko mdogo. Yaani uwanja ule ambao watu waliusifu kwa uzuri wake ulitengenezwa na mafuriko yenyewe. Maji yaliporudi yalikuwa yanarudi nyumbani kwao.

Tena kulikuwa na mtu aliyeonya. Katika miaka ya 1980, uwanja ule ulipokuwa bado haujaruhusiwa, mtaalamu mmoja wa serikali ya jimbo aliandika kwamba mahali pale hapafai. Maneno yake yalipokelewa, yakawekwa ndani ya faili, na kibali kikatolewa. Watu walitegemea vizuizi vya mawe vilivyojengwa juu mlimani ili kuvunja nguvu za kijito. Lakini vizuizi vilikuwa vimejaa mchanga na mawe, na siku ile vingi vilibomoka, mzigo wote ukashuka pamoja na maji. Mwaka 2005 mahakama ya taifa ilisema kwamba hatari ile ilikuwa imeweza kujulikana mapema, ikaamuru serikali kuu na serikali ya jimbo zilipe fidia kwa jamaa za waliokufa. Karibu miaka 10 ilikuwa imepita.

Kutoka habari hizi na kutoka Neno la Mungu tunapata mafundisho matatu.

1. MCHANGA HAUONEKANI MBAYA WAKATI WA KIANGAZI

Wengi wetu tunaposoma habari za yule mjenzi mpumbavu tunamcheka. Nani anayejenga juu ya mchanga? Lakini katika nchi aliyoishi Bwana Yesu kuna mabonde ambayo hukauka kwa miezi mingi. Chini ya bonde pamesawazika, pana mchanga mzuri, hapana kazi ya kuvunja mwamba. Mtu akifika wakati wa jua, pale ndipo anapopapenda. Luka anaongeza kwamba yule mwenye akili alichimba sana kwenda chini (Luka 6:48). Jirani yake bila shaka alimaliza kujenga mapema, akakaa barazani akimtazama mwenzake anavyotoka jasho.

Sisi tuliotoka Kivu hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na Wazungu. Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulivyotoka ndani ya njia yake ukavunja nyumba za watu Uvira. Tunakumbuka Mei 2023 kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, ambako zaidi ya watu 400 walikufa maji na matope yaliposhuka kutoka milimani. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Asubuhi watu walipanga samaki na mihogo kama siku nyingine.

Tena tuangalie vema: wajenzi wote wawili walisikia. Bwana hakusema kwamba mmoja alisikia na mwingine alikuwa kiziwi. Tofauti yao ni kwamba mmoja alitenda. Kule Biescas pia onyo lilisikika. Neno lililosikiwa likawekwa ndani ya faili, au ndani ya daftari la mahubiri, halikinyanyui kitanda cha mtoto juu ya maji.

2. ANAYELALA HEMANI MARA NYINGI SIYE ALIYECHAGUA KIWANJA

Katika mfano wa Bwana, mjenzi anavunjikiwa na nyumba yake mwenyewe. Lakini zile familia za Biescas hazikuujua mlima ule. Zilionyeshwa mahali, zikalipa, zikapiga hema. Walioijua ardhi walikuwa wengine.

Kwa sababu hiyo Mungu alitoa sheria ambayo hatuihubiri mara nyingi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili mtu akianguka kutoka juu, damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare, na watu walikaa huko jioni. Mwenye nyumba anajua ukingo uko wapi hata gizani. Mgeni hajui. Basi Mungu haridhiki na kumwambia mgeni ajiangalie. Anamdai mwenye nyumba.

Ndugu zangu, neno hili linatuhusu hapa. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 na Bukavu Februari mwaka huo huo, ndugu wengi wameikimbia nchi. Mtu anafika wakati wa jua, amechoka, watoto wanalia. Anaona mahali pamesawazika, hapana visiki wala mawe, udongo ni laini kwa jembe. Anamshukuru Mungu na kufunga turubai lake. Sisi tuliokaa hapa miaka mingi tunapita njiani tukiwa na jeri la maji, tunamwona, tunajua kwamba pale ndipo maji yanapopita mwezi wa Aprili, nasi tunamwambia, “Karibu sana, mama,” na kuendelea na safari.

Wako pia wanaokata kipande cha chini cha ploti yao na kumpa mgeni kwa pesa, kile kipande ambacho wao wenyewe hawawezi kulalia. Wanakisifu kwamba mboga zinastawi pale. Ni kweli zinastawi, maana maji hulala pale. Jambo hili tuliite kwa jina lake: ni kuuza dari isiyo na ukuta. Pesa hiyo hata ikiletwa kuwa fungu la kumi, bado damu inaidai nyumba ile.

Lakini mtu anaweza kuuliza: “Mchungaji, huku juu kumejaa. Mgeni aende wapi?” Swali hili ni la haki, wala hatutalijibu kwa maneno matupu. Kiwanja kipya hutolewa na ofisi, si kanisa. Lakini mgeni mmoja akienda peke yake hajulikani, bali akienda pamoja na mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili walioiona mvua ya miaka iliyopita, maneno yake yanakuwa na uzito. Na wakati anangoja, yule mwanamke wa Shunemu alimtengea Elisha chumba kidogo (2 Wafalme 4:10). Hakumpa shamba. Sisi tulio juu tunaweza kubanana kwa miezi ya mvua.

3. TUSIWAHUKUMU WALIOSOMBWA

Maji yakiisha kupita, kuna maneno yanayoanza kutembea makazini. Wengine husema yule alikuwa na dhambi ya siri. Wengine husema alikuja na uchawi kutoka kwao. Wengine, tena wenye sauti ya utauwa, husema ni mapenzi ya Mungu, kisha wanaenda kulala.

Bwana Yesu aliletewa habari kama hizo. Akataja wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia wenye kuuliza, akawadai wao toba. Angalieni jinsi alivyofanya. Watu walitaka kuzungumza juu ya dhambi za waliokufa, naye akawaelekeza kwa walio hai.

Hakika mvua ni ya Mungu, naye huwanyeshea wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45). Lakini mtaro uliozibwa kwa takataka zetu haukuzibwa na Mungu. Tusimbebeshe Bwana mzigo ambao jembe lingeuondoa. Mama aliyepoteza mtoto ndani ya maji hatuhitaji sisi tumweleze siri za Mbinguni. Anahitaji tukae naye chini, tulie naye, tumpe blanketi, kisha kesho yake tukachimbe ili mama mwingine asilie.

BASI TUFANYE NINI?

Imani bila matendo imekufa, Yakobo alikwisha kutuambia. Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana mambo haya:

Kwanza, Jumamosi zote kabla ya mvua tutafanya salongo ya kusafisha mitaro, kuanzia nyumba za chini. Kwaya, vijana na akina baba, kila mtu na jembe lake. Atakayekosa jembe abebe karai.

Pili, wazee waliokaa hapa muda mrefu, pamoja na wenyeji wa nchi hii ambao babu zao waliijua ardhi, watatembea pamoja nasi na kutuonyesha maji yalifika wapi. Tutaweka vigingi. Mgeni akiona kigingi ataelewa hata kama hajui lugha yetu.

Tatu, anayempa mtu mahali pa kukaa, kwa pesa au bure, amwambie ukweli wote juu ya mahali pale, mbele ya mashahidi wawili.

Nne, usiku wa mvua kubwa kanisa halitafungwa. Ngoma ikilia, walio chini wapande bila kungoja kukusanya vyombo. Na mtu yeyote asivuke maji yanayokimbia, hata kama yanaonekana ya magotini tu. Maji kama hayo humwangusha mtu mzima.

Wapendwa, siku moja sisi sote tutatoka katika hema hizi, maana hata mwili huu Mtume Paulo aliuita hema (2 Wakorintho 5:1). Mwamba wetu ni Kristo, na kwake hakuna mafuriko yatakayotufikia. Lakini aliyesimama juu ya Mwamba ana mikono miwili, na kazi ya mikono hiyo ni kumvuta mwenzake aliye chini kabla maji hayajafika.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyekuwa mgeni hapa duniani na hukuwa na mahali pa kulaza kichwa, utufungue macho tuone mahali jirani yetu amelala. Utupe kinywa cha kumwambia kweli, na nguvu za kumsaidia. Uwafariji wote waliopoteza wapendwa wao ndani ya maji, Kivu, Hispania na kila mahali. Katika jina la Yesu, Amina.