Ole Wenu Mnaoliita Giza Uzee

Sikieni, watu wa Nyeri, nanyi wa Karatina na Othaya. Shosho anachuma kahawa kwa kupapasa, mbichi na mbivu kapuni pamoja, nanyi mwacheka mkisema ni uzee. Huo ni mtoto wa jicho, na upasuaji mfupi humwondoa. Ng'ombe akisusa nyasi alfajiri, kufika saa nne mmeshamwita daktari wa mifugo. Shosho haoni mwaka wa tatu sasa, mmemwekea kiti uani. Na mtoto asiyeuona ubao mwamwita mzembe.

Nanyi wenye kliniki! Desemba 2018 Nyeri iliingizwa katika majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos, kwa kuwa huku kwetu maradhi kama kisukari yamezidi. Kisukari huharibu mishipa midogo nyuma ya jicho kimyakimya, mgonjwa asihisi lolote hadi amechelewa. Lakini itazameni siku ya kliniki: kidole kinadungwa, presha inapimwa, mizani inapandwa, kitabu kinaandikwa, chukua dawa, rudi mwezi ujao. Nani amemtia matone ya kupanua mboni? Nani amechungulia ndani ya jicho lake, angalau mara moja kwa mwaka? Macho, anaambiwa, ni mlango mwingine, siku nyingine. Na nauli nyingine, ila hilo hakuna anayelisema. Mwaka 2020 mataifa yaliafikiana katika Shirika la Afya Duniani kwamba huduma ya macho imfuate mtu na iwe ndani ya mfumo wa afya. Ninyi mmeiacha barazani.

Waheshimiwa, mwapenda kambi ya macho ya bure: hema, fulana zenye sura zenu, picha na wazee waliovishwa miwani. Glakoma haingoji kambi, na uoni iliokwisha kuula haurudi. Mwenye glakoma hutia dawa kila siku. Hema likishang'olewa, ataipata wapi? Wahudumu wa afya ya jamii wanaingia maboma ya watu na vipimo vya sukari na presha. Chati ya macho, karatasi tu, imewashinda kuwapa?

Nanyi wananchi msijifiche nyuma ya waheshimiwa. Mkiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, mnapigania lami hadi sauti zinakauka. Nani kati yenu amewahi kusimama akauliza fungu la macho ni shilingi ngapi?